Bodi Imewaka, Simu Haioni Kitu: Mwongozo Kamili wa Kuanza na nRF52840 DK

Maswali ninayoletewa kuhusu nRF52840 DK, bodi ya kujifunzia na kujaribia programu za Bluetooth, yana sura moja. Mtu kaitoa kwenye boksi, kaichomeka, taa imewaka, kapakia mfano wa kwanza wa Bluetooth, halafu simu haioni chochote. Anaanza kuhangaika na msimbo. Anabadilisha hapa, anafuta pale. Baada ya siku mbili hajui tena amegusa nini na hakugusa nini, na kumbe tatizo lilikuwa kebo.

Karibu makosa yote ya mwanzo yako nje ya msimbo. Yako kwenye kebo, kwenye swichi, kwenye ruhusa za simu, na kwenye kumbukumbu ambayo simu huitunza bila kukuambia. Ndiyo maana kila hatua hapa chini ina alama yake ya kuthibitisha. Usipoiona alama hiyo, baki hapo hapo. Ukiruka, hatua inayofuata itakudanganya.

Natumia nRF52840 DK ya Nordic Semiconductor kwa sababu chombo cha kupakia programu kimewekwa juu ya bodi yenyewe, kwa hiyo huhitaji kifaa kingine katikati. Mwenye nRF52 DK, ile yenye chipu ya nRF52832, anaweza kufuata pia: mpangilio wa swichi ndio unaotofautiana zaidi, na jina la bodi wakati wa kujenga programu.

## Andaa hivi kwanza

- Bodi ya nRF52840 DK.
- Kebo ya micro-USB inayopitisha data.
- Kompyuta ya Windows, Linux au macOS yenye gigabaiti kadhaa za nafasi, na intaneti ya kutosha kushusha mafaili makubwa.
- Simu ya Android au iPhone yenye programu ya nRF Connect for Mobile.
- Betri moja ya kifungo aina ya CR2032. Hii ni ya hatua ya mwisho tu.

Nirudi kwenye kebo, maana ndiyo iliyowaliza wengi. Kebo nyingi zinazokuja na vifaa vidogo zina nyaya mbili tu za umeme. Zinachaji, hazibebi data. Ukiichomekea bodi, taa inawaka vizuri kabisa, na hapo ndipo mtego ulipo: unaamini kebo ni nzima. Mimi mwenyewe nilimaliza jioni nzima nikiondoa na kurudisha programu za kompyuta kwa sababu ya kebo ya taa ya mezani. Ipime kabla: tafuta simu ya zamani au kifaa chochote chenye tundu la micro-USB, kiunganishe na kompyuta kwa kebo hiyo, uone kama mafaili yake yanafunguka. Yasipofunguka, itupe kwenye droo ya chaja na utafute nyingine.

## Hatua ya 1: Weka swichi kabla ya kuwasha umeme

Kuna swichi tatu ndogo za kusukuma za kuangalia kwenye bodi, na zote zinaweza kukukwamisha. Zitazame kwa karibu, maandishi yake ni madogo sana.

SW6 iwe kwenye DEFAULT. Upande wake wa pili umeandikwa nRF ONLY, na ukiwa huko chipu kuu inatengwa na chipu msaidizi inayozungumza na kompyuta. Utapata bodi yenye umeme ambayo haipakiliki.

SW9 iwe kwenye VDD. Inachagua chanzo cha umeme cha chipu kuu. Nafasi nyingine mbili ni za betri ya Li-Po na za tundu la pili la USB, na hutazihitaji leo.

SW8 ndiyo ya kuwasha na kuzima. Iache OFF kwa sasa.

Sasa matundu ya USB. Yapo mawili yanayofanana. Chomeka kebo kwenye J2, lile la chipu msaidizi. Jingine, J3, limeungwa moja kwa moja na chipu kuu na lina kazi pale tu programu yako inapotumia USB. Ukichomeka J3, kompyuta haitaona cha kupakilia.

Washa SW8. Taa ndogo ya LED5 inapaswa kuwaka. Hiyo inathibitisha umeme tu, bado hatujafika kwenye data.

Onyo dogo: usiilaze bodi juu ya meza ya chuma wala juu ya kompyuta ya mkononi yenye mwili wa chuma. Upande wa chini una pini na viungo vya risasi vilivyo wazi, na chuma kinaweza kuvigusanisha. Pia antena yake imechorwa kwenye bodi yenyewe, pale pembezoni, na chuma kilicho karibu huipunguzia nguvu.

## Hatua ya 2: Kompyuta ikiri kuiona bodi

Fungua kidirisha cha mafaili. Panapaswa kutokea diski mpya iitwayo JLINK. Hii si diski ya kweli, ni chipu msaidizi inayojionyesha kama flashi.

Ikitokea diski iitwayo BOOTLOADER badala yake, ulikuwa umebonyeza kitufe cha IF BOOT/RESET wakati wa kuwasha. Hakuna kilichoharibika. Zima SW8, ondoa kidole, washa tena.

Usiburute faili lolote kuliweka kwenye BOOTLOADER kwa kubahatisha. Ukiweka kisichostahili, unaweza kuharibu programu ya chipu msaidizi, na kuirudisha ni safari nyingine ndefu.

Diski isipotokea kabisa, fuata mpangilio huu: badilisha kebo, badilisha tundu la kompyuta, ondoa kigawanyaji cha USB kama unakitumia, kisha rudi uangalie SW6.

Pamoja na diski, kompyuta hupata poti ya mfululizo (serial port), ambayo tutaitumia kusoma logi, yaani maandishi ambayo programu hutoa ikiwa inafanya kazi. Kwenye Windows itaitwa COM ikifuatiwa na namba. Kwenye Linux mara nyingi ni `/dev/ttyACM0`. Hapo Linux kuna kizuizi kinachowakwamisha wageni: mtumiaji wa kawaida hana ruhusa ya poti hiyo. Kwenye Ubuntu na Debian jiunge na kundi la dialout:

```
sudo usermod -aG dialout $USER
```

Kisha toka kabisa kwenye akaunti yako na uingie tena. Kufunga dirisha la amri pekee hakutoshi.

Alama ya kufaulu: diski ya JLINK inaonekana na poti ya mfululizo ipo.

## Hatua ya 3: Weka zana za kazi

Weka vitu hivi kwa mpangilio huu:

1. Programu ya J-Link kutoka SEGGER. Bila hii kompyuta haiwezi kuzungumza na kipakizi kilicho kwenye bodi.
2. Visual Studio Code.
3. Ndani yake, kifurushi cha nyongeza kiitwacho nRF Connect for VS Code Extension Pack.
4. Kupitia nyongeza hiyo, bonyeza "Install Toolchain", halafu "Install SDK".

Toolchain ni zana za kujengea: kikusanyaji cha msimbo na wenzake. SDK ni msimbo wenyewe wa nRF Connect SDK, uliojengwa juu ya mfumo endeshi wa Zephyr. Viwili hivi vina matoleo, na matoleo lazima yalingane. Ukichukua toolchain ya toleo moja na SDK ya toleo jingine, utaona makosa yanayolalamikia mafaili usiyoyajua, na utadhani umekosea wewe.

Kwenye Windows weka kila kitu mahali pafupi, kwa mfano `C:\ncs`. Usiweke ndani ya folda yenye nafasi kwenye jina wala kwenye folda inayolinganishwa na hifadhi ya mtandaoni. Windows kwa kawaida inazuia njia ya faili kuzidi herufi 260, na mafaili ya Zephyr yamezama ndani sana. Jina refu la folda ya kwanza linatosha kuvunja ujenzi.

Kushusha SDK huchukua muda mrefu. Iache imalize. Wanaokatiza katikati hubaki na SDK nusu, ambayo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa inaonekana ipo.

Ukimaliza, upande wa nyongeza utaonyesha toolchain na SDK zilizochaguliwa, na sehemu ya vifaa vilivyounganishwa itaonyesha bodi yako kwa namba yake ya utambulisho. Namba hiyo isipokuwepo, rudi Hatua ya 2.

## Hatua ya 4: Washa taa, acha Bluetooth kwanza

Najua unataka kuiona simu ikiungana. Subiri. Ukianza na Bluetooth na ikakataa, una washukiwa kumi. Ukianza na taa, una wawili.

Chagua "Create a new application", kisha "Copy a sample", tafuta `blinky` iliyo chini ya `zephyr/samples/basic`. Inakiliwa kwenye folda yako ili uiharibu kwa uhuru bila kugusa SDK.

Ongeza mpangilio wa kujenga, na mahali pa kuchagua bodi andika:

```
nrf52840dk/nrf52840
```

Alama ya mkwaju hapo katikati si kosa la uchapaji. Kuanzia toleo la 2.7 la SDK majina ya bodi yanaandikwa hivyo. Maelezo ya zamani yana mstari wa chini, `nrf52840dk_nrf52840`, na mtu akinakili jina hilo kwenye SDK mpya anaweza kuambiwa bodi haijulikani.

Jenga. Mara ya kwanza huchukua dakika kadhaa. Mistari mingi itapita, na utakachotafuta ni jedwali dogo la mwisho linaloonyesha kiasi cha flashi na RAM kilichotumika. Chipu hii ina megabaiti 1 ya flashi na kilobaiti 256 za RAM, kwa hiyo `blinky` haitaijaza hata kidogo.

Bonyeza "Flash". LED1 itaanza kuwaka sekunde moja na kuzima sekunde moja.

Usishangilie bado. Unajuaje kuwa hiyo ni programu yako, na si iliyokuwemo tangu zamani? Fungua `src/main.c`, tafuta mstari huu:

```
#define SLEEP_TIME_MS   1000
```

Weka 100 badala ya 1000. Jenga, pakia. Taa sasa inapepesa haraka haraka. Hapo umethibitisha mnyororo mzima, kuanzia kidole chako kwenye kibodi hadi umeme kwenye taa. Nimeona watu wakipakia kwa wiki nzima kutoka folda moja huku wakihariri folda nyingine. Kipimo hiki cha sekunde kumi kingewaokoa.

Kipakizi kikikataa na kusema chipu imelindwa, maana yake programu iliyokuwemo iliifungia mlango. Chagua kufuta na kupakia kwa pamoja, au kwenye dirisha la amri andika:

```
nrfutil device recover
```

Amri hiyo inafuta kila kilichomo kwenye chipu. Kwa bodi ya kujifunzia hakuna hasara. Kwa bodi ya mwenzako, muulize kwanza.

## Hatua ya 5: Bodi ianze kujitangaza

Rudia ulichofanya, ila sasa nakili mfano uitwao `peripheral_lbs`, uliopo chini ya `nrf/samples/bluetooth`. Jina la bodi ni lile lile. Jenga, pakia.

Kabla ya kushika simu, soma logi. Fungua poti ya mfululizo kwa kasi ya 115200, biti 8 za data, bila usawa (parity), biti 1 ya kusimama. Bonyeza kitufe cha IF BOOT/RESET mara moja, safari hii bodi ikiwa tayari imewashwa, ili chipu ianze upya na kuandika kila kitu mbele yako. Ukiona poti mbili na ya kwanza iko kimya, jaribu ya pili.

Mstari unaoutafuta ni huu:

```
Advertising successfully started
```

Mstari huo ukiwepo, redio inafanya kazi na bodi inapiga kelele hewani. Kuanzia hapo, simu isipoona kitu, shida iko upande wa simu. Wengi wangeacha kugusa msimbo kama wangesoma mstari huo mmoja.

Kwenye bodi, LED1 itakuwa ikiwaka na kuzima taratibu. Hiyo inasema tu kuwa programu inazunguka. LED2 imezima, kwa kuwa hakuna aliyeunganishwa.

Kinachotokea hewani ni hivi. Bluetooth ya nishati ndogo inatumia masafa ya gigahezi 2.4, yaliyogawanywa kuwa chaneli 40. Kifaa kinachojitangaza hakizungukii zote. Kinatuma pakiti fupi kwenye chaneli tatu tu, 37, 38 na 39, kisha kinalala hadi zamu nyingine. Simu nayo haisikilizi muda wote, inafungua sikio kidogo na kulifunga. Vikikutana, jina linatokea kwenye orodha. Kwa hiyo jina kuchelewa sekunde moja au mbili si hitilafu.

## Hatua ya 6: Simu iione bodi na kuiamuru

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo nitaenda taratibu.

Usitumie mipangilio ya Bluetooth ya simu. Ukurasa ule umetengenezwa kwa spika, saa na visikizi. Kifaa kama chetu huenda kisionekane hapo, au kionekane na kukataa kuungana. Fungua nRF Connect for Mobile na utafutie humo.

Toa ruhusa. Kuanzia Android 6 hadi 11, programu haiwezi kutafuta vifaa vya aina hii bila ruhusa ya mahali ulipo, na mara nyingi huduma yenyewe ya mahali lazima iwe imewashwa. Kuanzia Android 12 kuna ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu. Ukikataa, huenda usione kosa lolote. Orodha inabaki tupu, nawe unailaumu bodi. Kwenye iPhone ni ruhusa moja tu ya Bluetooth.

Kuna jaribio rahisi la kutenganisha: je, orodha ina kifaa kingine chochote? Katika jengo lenye watu, hukosi televisheni, saa au visikizi vya jirani. Orodha ikiwa tupu kabisa, ni ruhusa. Ikiwa na vifaa vingine bila chako, endelea kusoma.

Tafuta kwa jina. Andika `Nordic` kwenye kichujio. Kifaa kinaitwa Nordic_LBS. Pembeni mwa jina kuna namba hasi, ni nguvu ya mawimbi kwa dBm. Simu ikiwa juu ya bodi utaona kama -40. Ukiisogeza chumba cha pili itashuka kuelekea -80. Ukiwa na bodi kadhaa zenye jina moja, hii ndiyo njia ya haraka ya kujua ipi ni ipi: sogeza simu, angalia namba ipi inapanda.

Jina halipo, logi inasema inajitangaza. Mara nyingi kuna simu nyingine imeshaungana nayo. Mfano huu unakubali mgeni mmoja kwa wakati, na akishaingia, bodi inaacha kujitangaza. Tazama LED2. Ikiwa inawaka, bodi ina mtu tayari. Inaweza kuwa tableti uliyoijaribia asubuhi na kuisahau kwenye mkoba. Zima Bluetooth ya tableti, LED2 itazima, na jina litarudi.

Sasa bonyeza "Connect". LED2 inawaka, na logi inaandika `Connected`. Simu ikikuomba kuoanisha, kubali.

Utaona orodha ya huduma (services), yaani kazi ambazo kifaa kinatoa, kila moja na utambulisho wake. Unayoitaka huanza na `00001523`. Ndani yake kuna sifa (characteristics) mbili, yaani thamani ambazo simu inaweza kusoma au kuandika:

- `00001525` ni ya taa. Inaandikwa.
- `00001524` ni ya kitufe. Inasomwa na kuarifu.

Anza na taa. Kwenye sifa ya `00001525` bonyeza mshale unaoelekea juu, chagua baiti, andika `01`, tuma. LED3 inawaka. Tuma `00`, inazima. Watu hutazama LED1 na kusema haifanyi kazi. Ni ya tatu.

Kitufe kina somo lake. Bonyeza Kitufe 1 kwenye bodi na utazame simu. Hakuna kitu. Hii si hitilafu. Bodi hairuhusiwi kumwarifu mgeni ambaye hajaomba kuarifiwa, kwa sababu kila pakiti inakula betri. Kwenye sifa ya `00001524` bonyeza alama ya mishale mitatu inayoelekea chini. Simu inaandika kwenye kijisehemu chenye namba `0x2902`, na huko ndiko kujiandikisha. Bonyeza kitufe tena: thamani inageuka `01`, ukiachia inarudi `00`.

Ukikata muunganisho na kuungana tena, usishangae kama utalazimika kujiandikisha upya. Simu isiyooanishwa inahesabiwa mgeni kila inapobisha hodi.

Alama ya kufaulu: LED3 inatii simu, na simu inamwona mtu akibonyeza kitufe. Mawasiliano ya pande zote mbili yamekamilika.

## Hatua ya 7: Ipe jina lako, na ushinde kumbukumbu ya simu

Fungua faili la `prj.conf` na ubadilishe mstari wa jina:

```
CONFIG_BT_DEVICE_NAME="Taa_ya_Asha"
```

Usizidishe herufi 26. Pakiti ya kawaida ya kujitangaza ina baiti 31. Bendera (flags) zinachukua 3, na jina lenyewe linahitaji 2 za utangulizi, moja ya urefu na moja ya aina. Zinabaki 26. Jina refu kuliko hapo halitaenea lote, na utaona limekatwa mkia.

Jenga, pakia, tafuta tena. Hapo simu inakuonyesha... Nordic_LBS.

Watu huchanganyikiwa kabisa hapa. Wanajenga upya, wanapakia tena, wanafuta folda. Kumbe bodi inatangaza jina jipya na simu inaonyesha la zamani kutoka kumbukumbu yake. Simu hukumbuka kifaa kwa anwani yake, na pamoja nacho hukumbuka jina na wakati mwingine orodha nzima ya huduma. Ni jambo la busara kwa saa ya mkononi ambayo haibadiliki. Kwa mtu anayebadilisha programu kila dakika kumi ni kero.

Ili kuisahaulisha:

1. Kata muunganisho.
2. Kama uliioanisha, nenda kwenye mipangilio ya simu ukaisahau.
3. Zima Bluetooth, hesabu hadi tano, iwashe.
4. Tafuta upya.

Kwenye iPhone wakati mwingine haitoshi na unahitaji kuzima simu yenyewe. Nikiwa nabadilisha huduma mara kwa mara, huwa naweka simu ya pili pembeni ambayo haijawahi kuungana na bodi. Ikionyesha jina jipya, najua pa kuelekeza lawama.

Ikiwa hata simu ngeni inaona jina la zamani, basi kosa ni lako kweli. Chagua "Pristine Build", kinachofuta mabaki ya ujenzi uliopita, kisha upakie. Na hakikisha umehifadhi faili. Nasema hivyo kwa uzoefu.

## Hatua ya 8: Ondoa kebo, uwashe kwa betri

Zima SW8, chomoa USB. Nyuma ya bodi kuna kishikio cha betri. Ingiza CR2032, upande wenye alama ya kujumlisha ukifuata alama iliyochorwa kwenye kishikio. Washa SW8. Jina litokee kwenye simu kama awali.

Ukiiacha hivyo, betri itakufa mapema kuliko ulivyotarajia, na utasema sifa ya nishati ndogo ni maneno matupu. Tufanye hesabu.

CR2032 hubeba takriban miliampia-saa 220. Tuseme LED1 inavuta miliampia 2 inapowaka, na inawaka nusu ya muda. Wastani ni miliampia 1. Gawanya 220 kwa 1: saa 220, siku 9 na kidogo. Taa peke yake. Ukiiondoa taa, na wastani wa chipu ukawa mikroampia 20, unapata saa 11,000, yaani zaidi ya mwaka. Anayemaliza betri ni taa, wala si redio.

Kwa hiyo kata kwa mpangilio huu.

Kwanza, taa. Kwenye `main.c` ondoa msimbo unaopepesa LED1 ndani ya mzunguko (loop) wa mwisho. Acha usingizi, ondoa taa.

Pili, logi. Poti ya mfululizo ikiwa wazi, saa ya kasi ya chipu hailali ikisubiri herufi zije. Kwenye `prj.conf` ongeza:

```
CONFIG_SERIAL=n
CONFIG_CONSOLE=n
CONFIG_UART_CONSOLE=n
```

Fanya hivi mwishoni kabisa, ukishajua programu inafanya kazi. Bila logi unatembea gizani.

Tatu, muda kati ya matangazo. Mifano mingi hujitangaza kila milisekunde 100 hadi 150 ili simu iipate haraka. Kipimo kwenye msimbo ni vipande vya milisekunde 0.625, kwa hiyo 100 huandikwa 160. Ukitaka sekunde moja, andika 1600 kupitia `BT_LE_ADV_PARAM`. Kiwango kinaruhusu hadi sekunde 10.24. Lakini kumbuka sikio la simu linafunguka na kufungwa: ukitangaza kwa nadra sana, mtumiaji atasubiri hadi achoke. Kwa kifaa kinachotafutwa na mtu aliyeshika simu, mimi sizidishi sekunde moja.

Kama unataka namba halisi badala ya makisio, bodi ina pini za kupimia mkondo zilizoandikwa P22. Ili zifanye kazi lazima ukate kiungo cha SB40 kwa kisu chembamba, na kuanzia hapo chipu haitapata umeme mpaka pini za P22 ziunganishwe kwa kipimo au kwa kijumpa. Weka kijumpa hicho mahali utakapokikumbuka. Multimita ya kawaida itakupa wastani tu, tena wa kubahatisha, kwa sababu mkondo unaruka kutoka mikroampia chache hadi miliampia kadhaa na kurudi ndani ya milisekunde. Chombo kama Power Profiler Kit II huchora mchoro wenyewe: mstari ulio chini kabisa, halafu vilele vitatu vilivyobanana, chaneli 37, 38, 39, kisha kimya tena.